Breki Hazina Msimamizi

Mlionisoma juma lililopita mliniacha kwenye sherehe ya ubatizo, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa Abundio, mbele ya ukoo mzima, tunaapa. Mkono huo nimeunawa kwa sabuni ya kufulia na bado unanuka manukato yake.

Kwa mgeni, mambo ni haya. Mimi naitwa Obdulia. Abundio alikuwa mume wangu hadi alipoondoka na Yadira, binti anayepaka watu rangi za kucha. Gereji alibaki nayo yeye. Nyumba alibaki nayo yeye. Mimi nikabaki na mama yangu na gari.

Gari lenyewe ni dogo la Kijapani, la mbio, la viti viwili. Nililikuta nyuma ya machinjio, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nikalinunua kwa hela ya cemita, mikate ya nyama ninayouza sokoni hapa Cholula, na injini yake nikaifufua kwa mikono yangu hii. Lakini kadi ya gari iliandikwa jina la Abundio, kwa sababu wakati ule nilikuwa mke, tena mke mjinga.

Kiapo kilikuwa hiki. Tukutane uwanja wa mbio wa Los Nopales, yeye na gari lake, mimi na langu. Nikimshinda, anasaini kadi iwe jina langu. Akinishinda, namkabidhi funguo palepale.

Basi. Nilikuwa napigania gari, sio Abundio. Abundio hata mniletee kwenye sinia na limau pembeni simtaki.

Sasa sikilizeni, maana wanaume wengi hawalijui hili na hawataki kuambiwa na muuza mikate. Ukiwa na gari la mbio na mfuko mwembamba, usianze na injini. Anza na matairi, maana ndiyo peke yake yanayogusa lami. Kisha breki, pedi mpya na mafuta mapya, kwa sababu anayeweza kuchelewa kufunga breki ndiye anayeingia kwenye kona mbele ya mwenzake. Kisha toa kila uzito usio na kazi, na hiyo ni bure kabisa. Injini uiguse mwisho, kama hela imebaki. Huwa haibaki.

Mimi hata hela ya matairi sikuwa nayo.

“Si utafute wasimamizi?” mama akaniambia. Mama yangu ni doña Eufrasia, na kwake hakuna shida isiyotatulika kwa kualika watu.

Kwetu kila jambo lina msimamizi wake. Binti akitimiza miaka kumi na mitano kuna msimamizi wa keki, wa viatu, wa bendi, mpaka wa kisu cha kukatia keki. Mtu akinunua teksi anatafutiwa wasimamizi na padri wa kuibariki. Kila mmoja analipia kipande chake, na siku yenyewe jina lake linatajwa kwenye spika, watu wanapiga makofi.

“Mama, hili ni gari la mbio.”

“Gari lina tofauti gani na binti? Si unalivisha tu na kulipeleka mbele za watu?”

Nikakubali. Nilijitia kitanzi mwenyewe, wala sikusukumwa.

Jumapili mama akapika bata mzinga kwa mole, mchuzi wetu mzito wa pilipili, ukoo ukajaa uani. Nikasimama nikaeleza ninachohitaji. Sikufika hata nusu.

“Mimi nachukua eksozi!” akapayuka mjomba Crescencio, kaka yake mama. “Iwe kubwa! Ukiwasha hapa wasikie mpaka kanisani.”

“Mjomba, eksozi iliyopo haina ubaya. Kubwa haitaniongezea kasi.”

“Itakuongezea heshima.”

Mwanawe, binamu yangu Fulgencio, akanyanyua kidole chenye mole. “Mimi spoila. Lile bawa la kukaa juu ya buti. Nimeliona kwa muuza vipuri, kubwa, unaweza kuanikia shuka.”

“Fulgencio, lile ni zito.”

“Ndiyo uzuri wake. Sio la karatasi.”

Akafuata Remedios mwenye duka la viatu. Mimi nilimsimamia mwanawe ubatizo, na tangu siku hiyo hatuitani majina, tunaitana comadre.

“Comadre, mimi nakuletea matairi. Yote manne, mapya.”

Nilitaka kumkumbatia. Sikuwahi kumwona mzuri namna ile.

“Ila jina la duka langu liandikwe ubavuni kwa rangi nyeupe,” akaendelea. “Nataka lisomeke yakizunguka.”

“Yakizunguka halisomeki, comadre.”

“Basi ukipita kwa watu uende polepole.”

Mama naye akatangaza kwamba atashona kava za viti, za velveti ya waridi, na vishada kwenye kingo. Watu wakapiga makofi.

“Haya,” nikasema. “Nani anachukua pedi za breki?”

Mjomba akaanza kumkagua bata mzinga kama daktari.

“Pedi ndiyo nini?” Fulgencio akauliza.

“Vipande vinavyobana diski ili gari lisimame.”

“Vinaonekana?”

“Havionekani. Vimejificha nyuma ya gurudumu.”

“Sasa watanitaja kwenye spika kwa kitu kisichoonekana? Watu watapigia makofi nini?”

“Na vinaisha?” akauliza mama.

“Vinalika, mama. Ndiyo kazi yake.”

“Zawadi inayoliwa na gari! Nuksi hiyo, mwanangu.”

Nikawatazama mmoja mmoja. Watu wanaonipenda, wamekunywa pulque yangu, pombe ya mkonge, wako tayari kunipa bawa la kuanikia shuka, lakini kitu cha kunizuia nisife ukutani hakuna anayekitaka kwa sababu hakipigiwi makofi. Sikuwahi kuwachukia ndugu zangu namna ile, na bado walikuwa hawajaanza.

“Breki nitasimamia mimi.”

Sauti ilitoka mlangoni. Abundio. Shati jeupe, chupa ya tequila mkononi, na nyuma yake Yadira akipuliza kucha zake.

“Huyu amefuata nini hapa?” nikafoka.

“Nimemwalika mimi,” mjomba akajibu bila hata kuona haya. “Alimsimamia mwanangu, ni compadre wangu. Wewe umeachana naye. Mimi sijaachana naye.”

Na watu wakapiga makofi! Tena makofi ya kusimama. Eti mwanaume muungwana huyo, anamsaidia hata anayeshindana naye. Shangazi mmoja alifuta machozi kwa leso.

Kwetu ukimkataa msimamizi mbele za watu ni sawa na kumtemea kwenye sahani. Nikamtazama mama. Macho yake yakaniambia nisithubutu.

“Asante,” nikasema.

Abundio alizifunga pedi zile mwenyewe gerejini kwake, kwa sababu msimamizi wa kweli anavisha kwa mkono wake. Nilisimama juu ya kichwa chake muda wote. Alikuwa anapiga mluzi. Lile banda nililifagia miaka kumi na moja bila mshahara, na sasa kalenda ukutani ilikuwa na picha ya Yadira.

Niliporudi nyumbani nikapiga jeki, nikafungua magurudumu, nikakagua kila bolti na kila paipu. Nilitafuta hila mpaka shingo ikaniuma. Hakukuwa na hila. Pedi zilikuwa mpya, nzuri, za daraja ambalo mimi nisingeweza kulinunua. Mafuta ya breki yalikuwa safi.

Hilo liliniudhi kuliko kama angenifungia mbao. Nikatupia pedi za zamani nilizorudi nazo ndani ya buti na kwenda kulala nikisonya.

Siku ikafika. Los Nopales ilijaa. Padri akanyunyiza maji ya baraka kwenye boneti, bendi ikapiga, na mtangazaji akaanza kusoma majina.

“Msimamizi wa eksozi, don Crescencio!” Makofi. “Msimamizi wa bawa, kijana Fulgencio!” Makofi na miluzi. “Matairi, doña Remedios, mwenye duka la viatu lililo nyuma ya soko, leo kuna punguzo!” Huyo alikuwa amemlipa mtangazaji, nina hakika. “Velveti, mama mzazi, doña Eufrasia! Na breki, mabibi na mabwana, breki zimesimamiwa na mpinzani wake mwenyewe, don Abundio!”

Uwanja ukalipuka. Abundio akavua kofia, akainama.

Tukaruhusiwa mzunguko mmoja wa kupasha joto.

Wasomaji wangu, niliona aibu ya mwaka. Eksozi ya mjomba ilinguruma kama trekta na mwendo ulikuwa uleule. Bawa la Fulgencio lilikuwa linayumbisha mkia kwenye kila kona. Na velveti ya mama! Velveti inateleza. Kona ya kushoto nagonga mlango, kona ya kulia nakaribia kukalia gia. Vishada vikaninasa mkono. Abundio akanipita amenyoosha kiwiko dirishani, kama mtu anayekwenda kununua mkate.

Matairi tu ndiyo yaliyofanya kazi. Matairi na breki.

Nilirudi mahali petu, nikachukua spana, nikaanza na bawa.

“Unafanya nini?” Fulgencio akanijia mbio.

“Natoa uzito.”

“Hilo ni zawadi yangu! Limetajwa kwenye spika!”

“Mwambie alitaje tena likiwa chini.”

Bawa likaanguka kwenye vumbi. Watu waliokaa karibu wakasema “Ooh!” kwa pamoja. Nikaingia ndani nikavuta velveti.

“Obdulia!” Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. “Nimeshona kwa mkono. Macho yangu haya mabovu, nimeshona kwa mkono.”

“Mama, nateleza.”

“Mbele za watu wote hawa!”

“Mama, nitapoteza gari!”

Alichukua velveti yake, akaikunja taratibu, akageuka. Eksozi ilipona kwa sababu ilikuwa ya moto.

Abundio akafika. Nilipoona amekuja na jeki mkononi nilipaswa kushtuka, lakini sikushtuka.

“Jamani, mmejionea,” akasema kwa sauti ya huzuni, sauti ya msibani. “Ametupa zawadi za watu. Don Crescencio, wewe ni mkubwa hapa. Desturi yetu ikoje?”

Mjomba akajikohoza. “Aliyemrudishia msimamizi mmoja, amewarudishia wote. Ndivyo tulivyoikuta.”

“Basi naomba changu.”

“Mjomba!” nikapiga kelele. “Anataka kunitolea breki dakika hii! Husikii?”

“Nimesikia, binti. Lakini ana haki.”

“Ana haki,” akasema Fulgencio.

“Ana haki, mwanangu,” akasema mama, bila kunitazama.

Hapo ndipo nilipokinai. Nilikinai ukoo, nilikinai desturi, nilikinai bendi iliyoendelea kupiga tarumbeta wakati mwanaume yule ananivua magurudumu. Watu walewale walioona nuksi kusimamia breki, sasa wanasimamia kung’olewa kwake, na hapo hakuna aliyekosa.

“Mimi matairi yangu siyataki,” Remedios akasema. “Yana jina langu, nani atayanunua? Endelea nayo, comadre.”

Huyo ndiye mtu pekee aliyenitendea wema siku ile, na alifanya hivyo kwa ajili ya tangazo.

Abundio akatoa pedi zake, akazifuta vumbi kwa leso, akazitia mfukoni. Kisha akaninong’oneza, “Nipe funguo tuyamalize, Dulia. Bila breki utakwenda wapi?”

Nikatema mate karibu na kiatu chake. Akacheka, akaondoka.

Nikafungua buti. Pedi za zamani zilikuwepo, zimelika zimebaki nyembamba kama biskuti, lakini zilikuwepo. Nikapiga magoti nikaanza kuzifunga. Kwa hasira, bolti zikawa zinanitoroka. Spika ikaanza kuita namba yangu.

Nilikuwa nakaza nati ya mwisho nilipoona kucha nyekundu pembeni ya gurudumu. Yadira alikuwa amechuchumaa kando yangu.

“Dada Obdulia.”

“Usiniite dada.”

“Basi sikuiti. Sikiliza tu. Gari limeshauzwa.”

Spana ikanidondoka.

“Amemuuzia yule pale, mwenye kofia nyeupe, kando ya geti. Lile gari la kuvuta ni lake, amekuja kulichukua. Mnunuzi alikuwa na sharti moja, gari liwe na breki mpya. Ndiyo maana Abundio akajitolea kusimamia. Unadhani alikuonea huruma?”

“Mbona basi amezitoa?”

“Ili usilikimbize ukalikwaruza. Alisema, nyinyi mwacheni, yule hawezi kuvumilia, atang’oa zawadi za watu mwenyewe na mimi nitapata sababu. Atazirudisha jioni.”

Alinijua. Hilo ndilo lililoniuma. Amekaa nami miaka yote ile bila kujua napenda kula nini, lakini hasira zangu alizijua vizuri, akazitumia kama spana.

“Na kiapo?” nikauliza. “Aliapa mbele ya watu.”

“Kiapo cha Abundio?” Yadira akanitazama kwa huruma, na huruma ya mwanamke yule ilinichefua kuliko yote. “Hata mimi aliniapia. Gari hili aliniahidi mimi.”

Akasimama, akajikung’uta magoti, akaenda zake.

Kumbe nikishinda nimeshindwa. Nikishindwa nimeshindwa. Wote walikuwa wanapiga makofi kwa gari lililokwisha kuuzwa.

Nikashusha jeki. Nikaingia, nikafunga mkanda, nikawasha. Namba yangu ikaitwa tena. Mbele kushoto kulikuwa na mstari wa kuanzia, na Abundio ameshafika, kofia ngumu kichwani, ananipungia mkono. Mbele kulia kulikuwa na geti, limeachwa wazi kabisa, na ng’ambo yake barabara ya kwenda Atlixco.

Kadi ina jina lake. Najua. Nikikata kulia, mimi ni mwizi wa gari nililolifufua mwenyewe kwa mikono hii.

Nikakata kulia.

Spika ikapiga ukelele. Mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa ameanza kunijia, akaruka pembeni, kofia ikabaki njiani. Gia ya pili. Gia ya tatu. Kwa mara ya kwanza siku ile gari lilikuwa jepesi, linakwenda ninapotaka, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Ndipo mama akatoka kati ya watu.

Akasimama katikati ya geti, mnene, mfupi, na gauni lake la sherehe, mkono juu.

“Simama, Obdulia! Mimi sikuzaa mwizi! Simama!”

Nikakanyaga breki.

Pedali ikashuka mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Ukishafunga pedi, lazima uikanyagekanyage pedali mpaka iwe ngumu kabla hujaondoa gari. Nimewafundisha mafundi wangapi pale gerejini jambo hilo! Na mimi, kwa hasira, sikuikanyaga hata mara moja.

Nikakanyaga tena. Nikavuta breki ya mkono, ikanijia nyepesi kama kijiko. Nikapiga honi, nikapiga kelele, “Ondoka! Mama, ondoka!” na eksozi ya mjomba ikaimeza sauti yangu yote.

Mama aliniona nimejikaza kitini kukanyaga breki. Akashusha mkono, akarekebisha shali begani, akabaki palepale katikati ya geti, akinisubiri nisimame.